Taa za Mbao Kutoka Karakana ya Uani

Mgeni abishaye hodi katika nyumba ya mji wa kale wa pwani, iwe Lamu au Mombasa, Unguja au Bagamoyo, hulakiwa kwanza na mlango, na mlango ule, kwa nakshi za kizingiti na mfaa wake, na kwa misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa safu kwa safu, humweleza daraja ya mwenye nyumba kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Lakini mgeni huyo huyo akipita ndani jioni, akaketi sebuleni na kuinua macho darini, aghalabu hukuta balbu tupu imening'inia kwa waya wake, ikimchoma macho, au hukuta taa ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, iliyovuka bahari ndani ya boksi, na ambayo kabla ya kupita masika mengi huwa imekwisha kupauka na kupasuka. Ni ajabu kwamba watu waliojua kutia uzuri wote ule katika mbao ifungwayo na kufunguliwa hawakuutia katika mbao iwezayo kubeba nuru. Na makala haya yamekusudiwa kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana, tena lawezekana katika karakana ndogo ya uani, kwa vipande vya mbao ambavyo leo hupelekwa jikoni kuwa kuni.

Zamani, kabla ya nyaya kupitishwa kutani, taa ilikuwa chombo cha heshima. Misikiti ilikuwa na thurea na kandili za kioo, nyumba za wenye uwezo zilikuwa na fanusi zilizotundikwa kwa minyororo, na hata maskini asiyekuwa na kitu ila koroboi la bati alilitengea mahali pake katika kidaka cha ukuta. Zilipokuja taa za chemni, na baada yake karabai, bado zilitaka mkono wa mtu kila magharibi, wa kufuta masizi, kukata utambi na kupiga pampu, na kitu kishikwacho kila siku hakikosi kutazamwa na kupendwa au kuchukiwa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jumba hilo likawa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika ya Mashariki kung'ara kwa umeme. Umeme uliposhuka kutoka majumba ya wafalme ukafika katika nyumba za watu, ulileta faraja kubwa isiyokanika. Walakini uliiondoa taa mikononi mwa fundi wa mtaani. Seremala aliachiwa mlango, kitanda, kabati na jeneza, na taa akakabidhiwa mtu wa kiwandani asiyemjua mwenye nyumba wala nyumba yenyewe.

Hata hivyo, ustadi unaohitajika kuitengeneza haukupata kuondoka kwetu. Keezo lilikuwapo tangu enzi ambazo lilivutwa kwa kamba na kuzungushwa kwa nguvu za mikono, na mafundi waliolitumia walikereza matendegu ya vitanda vya besera, nguzo ndogo ndogo za roshani za Mji Mkongwe, na viungo vya samani za Lamu ambazo wageni huzipiga picha bila ya kuuliza zilifanywaje. Atakayetazama kwa makini nguzo ya roshani iliyokerezwa, kwa mabonge yake na viuno vyake vinavyofuatana, atatambua kwamba anatazama mwili wa taa ambao haujatobolewa tu. Kazi ya kuunganisha pao, ya kuchora duara kwa bikari, ya kutoboa mbao kwa keekee na kuisafisha kwa tupa, zote hizo fundi wetu anazijua. Analokosa, kwa maoni yangu, ni elimu ya mambo mawili ambayo mlango haukumfundisha, nayo ni tabia ya mwanga na tabia ya umeme. Na kwa kuwa mambo haya mawili hayamo katika kawaida ya kazi yake, nitayatolea maneno mengi kuliko yale ya nyundo na patasi.

Juu ya mwanga, hapana mtu aliyefikiri kwa kina kuliko Poul Henningsen wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki 1967. Mtu huyu aliishi katika zama ambazo balbu ya umeme ilikuwa ingali mpya na watu walikuwa wameitukuza hata wakaiacha uchi, na yeye akachukizwa na ukali wake. Mwaka 1926 alitoa taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, vimepindwa kwa hesabu, hata mtu aliyeketi mezani asiweze kuiona balbu yenyewe kutoka upande wowote, bali auone mwanga uliokwisha gonga kifuniko na kulainika. Mwaka 1958 alitengeneza taa nyingine kwa ajili ya mkahawa wa Langelinie mjini Copenhagen, yenye majani 72 ya shaba yaliyopangwa kwa safu 12, na hiyo nayo yatimiza sharti lile lile, kwamba balbu isionekane. Henningsen alifanya kazi kwa shaba na kioo, wala si kwa mbao. Lakini Wafini walikuja wakaonyesha kwamba kanuni yake yafaa pia kwa mti, maana tangu mwaka 1995 kampuni iitwayo Secto Design imekuwa ikitengeneza kwa mikono taa za pao nyembamba za mbao za mbetula, zilizobuniwa na Seppo Koho, na taa hizo zinatundikwa leo katika nyumba na maktaba za nchi nyingi. Nchi ya Wafini ina baridi kali na majira ya giza refu, na watu wake walijifunza kuuheshimu mwanga kwa kuukosa. Sisi tuna jua la kutosha mchana, lakini usiku wetu hauna ufupi wowote. Giza huingia saa moja jioni mwaka mzima, na familia hukaa chini ya taa saa nyingi kila siku.

Fundi wa taa, basi, yampasa aelewe kwanza kwamba mwanga atapewa na balbu, na kwamba yeye ameajiriwa kuuficha, kuugawa na kuuelekeza. Akitoboa matundu katika kibuyu cha mbao, ukuta utapokea matundu hayo makubwa mara nyingi kuliko yalivyo. Na jinsi balbu inavyokaribia tundu ndivyo picha yake ukutani inavyokua. Balbu ya kioo cheupe kisichopitisha macho hufanya kivuli laini kisicho na mipaka, kwa sababu uso wake wote ndio utoao mwanga. Ilhali balbu ya kioo safi yenye chanzo kidogo cha mwanga hukata kivuli kwa ukali, kila tundu likachapwa ukutani waziwazi. Hapana jema wala baya katika hayo mawili, ila ni lazima mtu achague. Chumba cha kulia chataka ulaini, maana uso wa mtu anayekula haupendezi ukigawanywa na michirizi ya kivuli. Ukumbi wa kupita au baraza ya nje waweza kustahimili nakshi zenye makali, tena huko ndiko zinakostaajabisha.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa mbao, mtu na akate umbo lake katika karatasi ngumu, alitobolee matundu, aingize ndani tochi au balbu ndogo, azime taa nyingine zote, kisha akae. Karatasi ya shilingi chache itamwonyesha makosa ambayo kipande cha mninga kingemwonyesha kwa gharama kubwa. Jambo hili nalisisitiza kwa kuwa mafundi wengi, kwa mazoea ya milango, hutazama kitu wanachokifanya katika nuru ya mchana, nacho hupendeza sana juu ya meza ya kazi. Lakini taa ina sura mbili, ya mchana ikiwa imezimwa na ya usiku ikiwa imewashwa, na sura ya pili haiwezi kuhukumiwa kwa macho ya mchana. Nakshi za milango yetu, yaani yungiyungi, minyororo, samaki na mitende, zaweza kuhamishiwa katika taa, nami ningefurahi kuziona huko. Walakini ziwe chache, kwa kuwa ukuta utazirudia zote, na chumba kilichojaa samaki wa vivuli juu ya kila upande humchosha mtu upesi.

Mintarafu ya mbao yenyewe, tuna neema ambayo mafundi wa nchi za baridi wangeitamani. Mninga ndio ninaoupendelea, kwa rangi yake ya kahawia iliyochanganyika na wekundu na dhahabu, na zaidi kwa sababu ukishakauka haujongei wala haukunjamani sana, nayo ni sifa kubwa katika chombo ambacho hupata joto usiku na kupoa mchana. Mtiki wa mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta yake wenyewe yanayoukinga na wadudu na unyevu. Mwembe na mfenesi, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni miti ya matunda, hukerezeka vizuri, na mfenesi una umanjano ambao nuru huufanya kama asali. Mpingo, ambao ni mzito hata ukazama majini, hauufai mwili wa taa kubwa. Lakini kijiti chake chaweza kuwa kifundo cha chini au pete nyembamba ya pambo, na kidogo hicho chatosha, kwani mti huo hukua polepole mno, nao tangu 2017 umo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa yahitaji kibali.

Kuna pia mnazi. Mashamba yetu yana minazi mingi iliyozeeka ambayo hukatwa kwa kuwa haizai tena, na shina lake lina tabia ya kipekee, kwamba ugumu wote uko pembeni, karibu na gome, na katikati ni laini kama sifongo. Seremala wa kawaida huona hilo ni kasoro. Mkereza taa yampasa alione kuwa bahati, kwa kuwa yeye hulitoa tumbo la katikati apende asipende, naye hubakiwa na ganda gumu lenye madoa meusi ya nyuzi ambayo hayapatikani katika miti mingi mingine.

Wala hahitaji kununua ubao mzima. Katika Keko ya Dar es Salaam, ambako samani hutengenezwa mtaa mzima, na katika kila kituo cha maseremala pwani na bara, kuna marundo ya vipande vya urefu wa shubiri mbili au tatu ambavyo havitoshi mguu wa meza wala pao ya kitanda. Vipande hivyo ndivyo taa. Faida yake ya ziada ni kwamba mara nyingi vimekwisha kukauka. Na ukavu ni jambo lisilo na msamaha. Mbao mbichi ikitiwa gundi leo, itasinyaa kesho kwa upande wa upana wake huku urefu wake ukibaki vile vile, na kila kiungo kitafunguka. Desturi ya mafundi wengi ulimwenguni ni kuuacha ubao kivulini, uliotengwa kwa vijiti ili upepo upite, takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Na avikague vipande hivyo kwa jicho kali, akitupa kila kilicho na weupe wa nje ya mti, maana sehemu hiyo ndiyo chakula cha bungua, na unga mwembamba ukianza kudondoka kutoka taa juu ya sahani za wageni, hapana maelezo yatakayoiokoa heshima ya fundi.

Kati ya namna nyingi za kuiunda taa, nitaeleza moja tu kwa urefu, kwa kuwa ndiyo imfaayo mtu wa karakana ya nyumbani asiye na keezo wala mashine za gharama, nayo ni taa ya pao. Huanza na pete mbili za mbao, ndogo ya juu na kubwa ya chini. Pete iliyokatwa kutoka ubao mmoja huwa dhaifu mahali ambapo nyuzi za mti zinakatiza wembamba wake, na huko ndiko itakakovunjika. Kwa hiyo pete njema huundwa kwa vipande 12 vilivyo sawa, kila ncha ya kipande ikikatwa kwa mshazari wa nyuzi 15, ili vipande vyote vikikutana vitimize duara la nyuzi 360. Hesabu hii haina huruma. Kosa la nusu uzi katika kila mkato hujikusanya mikato 24 hata likawa nyuzi 12, na kipande cha mwisho kikakataa kuingia mahali pake. Dawa yake ni kutengeneza kwanza kielekezi cha mbao chenye pembe hiyo, kukijaribu kwa vipande vya ovyo mpaka duara lifunge bila ya mwanya, ndipo kuigusa mbao ya thamani. Vipande vikishatiwa gundi hufungwa kwa kamba ya mpira au kwa mshipi mpaka gundi ishike, na siku ya pili pete hulainishwa kwa tupa na msasa.

Pao zenyewe na ziwe nyembamba, milimita 3 au 4, na upana wa sentimita 2 yatosha. Zikisimamishwa wima zikiuelekea moyo wa taa, mtu atakayekaa mbele ya mwanya wowote ataiona balbu kwa ukali wake wote, na kanuni ya Henningsen itakuwa imevunjwa. Yafaa zaidi ziinamishwe kidogo upande mmoja, hata ukingo wa pao moja uufunike ukingo wa jirani yake, sawa na zilivyoinamishwa pao za madirisha ya kale ya Unguja ili upepo upite na jua lizuiwe. Hapo mwanga hutoka baada ya kugonga uso wa mbao, na kwa kugonga huko huchukua rangi ya mbao hiyo, hata chumba kizima kikawa na wekundu wa mninga au umanjano wa mfenesi. Akitaka pao zilizopinda, na azitie katika maji yanayochemka au katika mvuke mpaka zilegee, kisha azifunge katika kalibu na kuziacha zikauke. Pao ya wembamba huu haihitaji muda mrefu. Misumari na skrubu za chuma haifai kuzitumia mahali penye upepo wa chumvi, kwa kuwa kutu yake hutoa madoa meusi yanayoingia ndani ya mti. Shaba ya manjano ni ghali kidogo, lakini huishi.

Mwenye keezo ana njia nyingine, naye hatahitaji mafunzo yangu katika kuishika bobari. Nitamkumbusha tu kwamba kigogo cha taa, tofauti na tendegu la kitanda, sharti kitobolewe kwanza katikati kwa njia ya waya, kabla hakijakerezwa umbo la nje. Na kwamba ganda likikonda hata kufikia milimita chache, aghalabu katika miti ya rangi nyeupe kama ya msonobari, mwanga huanza kupenya katika mbao yenyewe, na nyuzi za mti zikaonekana usiku kama hazikupata kuonekana mchana.

Vumbi la kazi hizi si la kuchezewa. Unga wa mvule huchokoza pua na kifua, na unga wa mpingo huwasha ngozi za baadhi ya watu, na katika karakana ya uani vumbi halimtambui fundi pekee. Huingia katika chungu kilicho jikoni na katika kitanda cha mtoto. Barakoa, kiambaza cha turubai kati ya meza ya kazi na nyumba, na ufagio ulioloweshwa maji ni gharama ndogo sana kwa ukubwa wa faida yake.

Sasa nafika katika umeme, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa uzuri wote uliotajwa hapo juu hauna maana ikiwa taa itaunguza nyumba. Balbu za kale zenye waya unaowaka ndani yake hugeuza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake kuwa joto, na mbao iliyo karibu na joto hilo miezi mingi hukauka, hubadilika rangi na hatimaye yaweza kushika moto. Lau tungekuwa bado hatuna balbu nyingine, nisingemshauri mtu yeyote kutengeneza taa ya mbao iliyofungwa. Balbu za LED zimelibadili jambo hili kabisa, maana moja ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kale ya wati 60. Nazo hupata joto, hasa shingoni zilikofichwa sehemu zake za umeme, na zikinyimwa hewa hufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo taa na iachwe wazi juu na chini, ili hewa ya moto ipande na ya baridi iingie. Na mbao iandikwe ndani, kwa kalamu isiyofutika, wati zisizopasa kuzidishwa, kwa kuwa atakayebadili balbu miaka mitano baadaye huenda asiwe yule aliyeinunua. Rangi ya mwanga nayo yachaguliwa dukani. Boksi lililoandikwa kelvini 2700 au 3000 ndilo lenye nuru ya joto ipendezayo pamoja na mti, na lile la 6500 huufanya mninga uonekane kama udongo uliokufa.

Kishikio cha balbu kiwe kile kinachopatikana kwa urahisi, cha skrubu ya milimita 27 au cha pini cha milimita 22, na kisishikwe na mbao peke yake bali kifungwe kwa pete yake ya nati. Uzito wa taa usibebwe kamwe na vidole vidogo vya shaba ambamo waya hufungwa. Ubebwe na mnyororo, kamba ya waya wa chuma, au kishikizo kiubanacho waya kabla haujafika katika kishikio. Katika nyaya mpya wa kahawia ndio ubebao moto, ambao mafundi wetu huuita laini, wa buluu ni nyutro, na wa kijani wenye mstari wa manjano ni athi. Lakini katika nyumba za zamani mtu atakuta wekundu na weusi, na pengine rangi zilizochanganywa na mikono isiyo na weledi, na kwa hiyo rangi pekee hazitoshi kuaminiwa. Taa yenye sehemu yoyote ya chuma inayoweza kuguswa, kama vile mnyororo au pete ya shaba, sharti ifungwe athi. Umeme wa volti 230 hauna tofauti kati ya mwanafunzi na bingwa. Basi fundi wa mbao na afanye kazi yake yote mezani mpaka mwisho, kisha amwite fundi umeme aliyesomea na mwenye leseni, aikague taa na kuifunga darini, na ujira wake uhesabiwe katika bei ya taa tangu mwanzo.

Katika kuipaka, wengi hukimbilia vanishi nene inayong'aa, nami naona huko ni kuupoteza mti, kwa kuwa mng'ao huo huirudisha sura ya balbu machoni kwa njia ya mlango wa nyuma. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa kidogo kidogo na kufutwa, huacha uso uliotulia. Mafuta ya nazi, ijapokuwa yapo kila nyumba, hayakauki, huchacha na kukusanya vumbi. Jambo moja la hatari ambalo si wengi wanalijua ni kwamba matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kutupwa pamoja pembeni, hujizalia joto yenyewe na kuweza kuwaka bila ya kiberiti. Na yatandazwe nje yakauke, au yazamishwe ndani ya maji kabla ya kutupwa.

Kuhusu kuitundika, taa ya juu ya meza ya chakula yapendeza ikiwa ukingo wake wa chini uko sentimita 70 hadi 80 juu ya meza, na upana wake usizidi thuluthi mbili za upana wa meza hiyo. Mahali pa kupita watu ipite kichwa cha mtu mrefu kwa nafasi.

Nimesikia ikisemwa kwamba kazi hii haina soko, kwa kuwa taa ya kiwandani ni rahisi. Ni kweli kwamba ni rahisi, na fundi asijaribu kushindana nayo kwa bei, maana atashindwa na atadhulumu mikono yake. Lakini tazama hoteli za pwani ya Unguja, Lamu na Diani, zinavyowaleta wageni kutoka mbali kwa ahadi ya kuwaonyesha Uswahili, kisha zikawalaza chini ya taa zilizotoka huko huko walikotoka. Na tazama ofisi za umma, kumbi za mikutano na maktaba tunazozijenga kwa fedha zetu, ambazo mlango wake mkuu huagizwa kwa seremala na taa zake zote kwa mwagizaji wa bidhaa. Huko kuna kazi ya mafundi wengi wa miaka mingi, ikiwa wanaoandika mahitaji ya majengo hayo watakumbuka kuiandika.

Wewe msomaji unayejenga au kukarabati nyumba mwaka huu, nakusihi uchukue kipimo cha meza yako na kimo cha dari yako, umwendee seremala wa mtaa wako kabla hujakwenda dukani, umwonyeshe pembe ya karakana yake aliporundika vipande, umwagize taa moja. Mlipe arubuni ya haki, mpe muda wa kukosea katika karatasi kabla ya kukata mbao, na siku atakapoileta, nenda nyumbani naye usiku, mkaiwashe pamoja ili aione kazi yake ukutani na ajue la kurekebisha katika ile ya pili.